Mbwa Aliye Hai

Masomo: Kutoka 21:28–36, Mithali 12:10, Mhubiri 9:4

  

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya mbwa. Huenda wengine wenu mnacheka na kuuliza, "Je, wachungaji wamekosa la kuhubiri?" Lakini Biblia yenyewe haioni haya kumtaja mbwa. Inamtaja akiyarudia matapishi yake, inamtaja akilamba vidonda vya Lazaro mlangoni pa tajiri, inamtaja akiokota makombo chini ya meza. Nasi tunaoishi Kiamaiko, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, haipiti siku bila kukutana naye.

Kwa wale wasioijua Kiamaiko, ni mtaa uliosongamana, jirani ya Huruma na Mathare, na sifa yake kubwa ni mbuzi. Malori huwaleta mbuzi na kondoo kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na kwingineko kaskazini, nao huchinjwa hapa, na nyama yake huenda kila pembe ya jiji. Wengi wanaoifanya kazi hiyo ni Waborana na Wasomali, nao ni Waislamu. Sisi Wakristo tumo humo humo katikati yao. Tunachota maji kwenye mfereji mmoja na watoto wetu wanacheza mpira mmoja. Na palipo na machinjio, mbwa hawakosi.

Basi katika mtaa huo sisi, jamaa ya mchungaji, tukaletewa mbwa mdogo. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, sikio moja limesimama na la pili limelala. Watoto wakamwita Simba. Tulimtaka awe mlinzi, maana wezi walikuwa wamezoea kuruka ukuta usiku na kuzianua nguo zetu kambani kabla hatujazianua wenyewe.

Ndugu zangu, mlinzi huyo alimbwekea kila mtu isipokuwa mwizi. Aliwabwekea akina mama wa kanisa wakija kwenye maombi. Kwaya ikifanya mazoezi, yeye naye aliinua pua juu akaimba sauti ya tano ambayo mwalimu wa kwaya hakuwa ameiandika. Lakini usiku mmoja nguo zilipoibwa tena, asubuhi tulimkuta ametulia langoni, anatafuna mfupa mzuri ambao sisi hatukumpa. Nabii Isaya aliwafananisha walinzi wa Israeli na mbwa mabubu wasioweza kubweka. Tulipoisoma sura ile ya 56 hatukujua kama tumcheke Simba au tujitazame sisi wenyewe, maana walinzi wanaosemwa pale ni viongozi wa watu wa Mungu.

Tukaazimia kumfunza. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyosema. Lakini hebu sikilizeni jinsi tulivyomfunza. Alipopanda kitini, baba alisema, "Shuka!" Mama alisema, "Toka!" Binti yetu alisema, "Nenda nje!" Na kijana wetu mdogo hakusema neno, alimpa kipande cha chapati chini ya meza. Basi mbwa alisikia maneno matatu na kuona chapati moja. Mnadhani alitii kipi? Aliitii chapati. Baada ya mwezi mmoja tulikuwa na mbwa aliyefunzwa vizuri sana, ila kwa yale tuliyoyatenda, si kwa yale tuliyoyasema.

Wapo wataalamu waliolichunguza jambo hili. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya uyeyushaji wa chakula tumboni, aliona kwamba mbwa wake walianza kudondokwa na mate hata kabla ya kukiona chakula, kwa kuisikia tu ishara waliyoizoea. Kiamaiko hatuhitaji kwenda Urusi kuliona hilo. Lori la mbuzi likipiga honi barabarani, Simba huramba midomo. Mbwa hujifunza kwa yale yanayofuatana kila siku bila kukosa. Na mtoto je? Na mshiriki wa kanisa je? Tukisema amri moja madhabahuni na kutoa chapati nyingine chini ya meza, watu watafuata chapati.

Kosa letu la pili lilikuwa baya kuliko hilo. Siku moja tulipata mgeni wa heshima kutoka dayosisi. Alivua viatu mlangoni kwa adabu, nasi tukaketi kunywa chai. Alipotoka, kiatu kimoja hakikuwapo. Tulikipata nyuma ya choo, na ulimi wake umekwisha kuliwa. Tulikasirika sana. Tukasimama uani tukaita, "Simba, njoo!" Naye akaja mbio, mkia ukicheza, maana alifurahi kuitwa. Alipofika tukampiga.

Kesho yake tulipomwita hakuja. Wala keshokutwa. Alisimama mbali akatutazama. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwa miaka mingi, akatuambia, "Pasta, mbwa hakumbuki kiatu cha saa moja iliyopita. Yeye anajua kwamba aliitwa, akaja, akapigwa. Mmemfunza asije." Akatuonyesha njia iliyo bora: amri iwe neno moja, nyumba nzima ilitumie hilo hilo, akitii, apewe kitu kidogo papo hapo na asifiwe, na akiitwa, asipigwe kamwe, hata kama amekosa.

Maneno hayo ya mwisho tuliyachukua tukaingia nayo chumbani kuomba. Ni waumini wangapi wanaosimama mbali na Mungu kwa sababu sisi wachungaji na wazazi tuliwaita, wakaja, tukawapiga? Kijana amerudi nyumbani baada ya kupotea, na neno la kwanza analolisikia ni makosa yake ya mwaka jana. Baba yule wa Luka 15 alimwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Hakumwita ili ampige. Mungu hatuiti ili atupige.

Tulihitaji majuma mengi kumrudisha Simba mahali pa kuitika jina lake. Yale tuliyoyaharibu kwa dakika moja tuliyajenga kwa miezi miwili.

Sasa tunafika penye neno zito la leo. Simba hakuacha kupenda viatu, na katika mtaa wetu mahali penye viatu vingi kuliko pote ni mlango wa msikiti siku ya Ijumaa. Kijana wetu alitumwa kwa jirani kurudisha sufuria. Lango likabaki wazi, naye Simba akamfuata, akapita, akafika penye viatu vile, akachagua ndala moja nzuri ya ngozi. Ilikuwa ya jirani yetu huyo huyo, mzee Mborana anayefanya biashara ya mbuzi.

Tulikwenda kwake mara moja kuomba radhi, na fedha za ndala mpya mkononi. Ninyi mnaokaa na Waislamu mnajua kwamba mate ya mbwa kwao ni najisi, na chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Tulimkuta mzee amechuchumaa na ndoo ya maji na udongo, anaiosha ndala yake mwenyewe. Fedha zetu hakuzipokea. Akasema, "Pasta, Waswahili walisema mchezea mbwa humfuata msikitini. Lakini huyu wako hakungoja kuchezewa, amekuja mwenyewe." Tukacheka sote. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Pasta, mfunge mbwa huyu. Hapa pana watoto."

Tukamwambia, "Tumesikia, mzee."

Je, tulisikia? Tulimfunga kwa juma moja kwa kamba ya katani. Kamba ilipokatika tuliifunga fundo. Tulisema tutanunua mnyororo mwisho wa mwezi. Badala yake tulifanya jambo rahisi: tulichukua rangi tukaandika langoni yale maneno yanayoonekana kwenye malango mengi ya Nairobi, "Mbwa Kali." Walimu wa Kiswahili wanalia kila wanapoyaona, kwa kuwa ilipasa kuwa "mbwa mkali". Lakini kosa la sarufi ni dogo. Kosa kubwa ni kwamba bango lile lilimtaka jirani ajilinde kwa sababu sisi hatukutaka kumlinda.

Na kuna jambo jingine tunaloliungama mbele yenu. Maafisa wa mifugo walitangaza siku ya chanjo ya mbwa. Tangazo lililetwa kanisani, nasi tulilisoma sisi wenyewe, Jumapili mbili, kwa sauti kuu. Jumamosi ilipofika tulikuwa na harusi. Mbwa wa waumini walichanjwa. Mbwa wa mchungaji hakuchanjwa.

Jioni moja binti wa mzee yule, mtoto wa miaka saba, alitumwa dukani kununua maziwa. Fundo likafunguka. Simba akatoka mbio. Pengine alitaka kucheza, pengine alitaka ile pakiti ya maziwa, hatujui. Mtoto akaogopa akakimbia, na mbwa akimwona anayekimbia hufuata. Akamuuma mguuni, nyuma chini ya goti.

Mama yake na mama wa nyumbani kwetu walimchukua wakaliosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili, kisha tukampeleka hospitali usiku ule ule. Muuguzi aliuliza swali moja: "Mbwa amechanjwa?" Wasikilizaji, tumeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na mengine magumu. Hili lilikuwa rahisi, nasi hatukuwa na la kujibu. Baba wa mtoto alitutazama. Tukasema, "La, hajachanjwa."

Mtoto akaanza kudungwa sindano usiku ule, na kuendelea kwa siku zilizopangwa. Nasi tukaambiwa tumfunge mbwa, tumtazame siku kumi. Mbwa mwenye kichaa, anapofikia hali ya kuambukiza kwa kuuma, huonyesha dalili na kufa katika siku chache. Akiwa bado mzima siku ya kumi, basi hakuwa na ugonjwa huo katika mate yake siku aliyouma.

Siku kumi, ndugu zangu. Tulimtazama kama akila, kama akinywa, kama sauti yake imebadilika, kama miguu inayumba. Akikohoa, nyumba nzima ilinyamaza. Tulinunua mnyororo siku ya kwanza, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ile rangi ya kuandikia bango.

Mzee alikuja kila jioni baada ya sala ya magharibi, akasimama langoni. Hakupiga kelele. Siku ya tatu tulimwambia, "Mzee, ukisema mbwa huyu auawe, atauawa." Akajibu, "Mbwa hana kosa, Pasta. Iliyokosa ni kamba." Hakusema zaidi, wala haikuhitajika zaidi.

Siku ya nne aliona bakuli la maji limekauka. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaogopa kumkaribia Simba. Mzee akatuambia kisa kilicho katika mafundisho ya dini yao, cha mtu aliyemwona mbwa ana kiu akila udongo wenye unyevu. Akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Mpeni maji," akasema. Baba ambaye mtoto wake amelazwa ubavu kwa maumivu ndiye aliyetukumbusha yaliyomo katika Mithali 12, mstari wa 10, kwamba mtu mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Tukaenda tukalijaza bakuli.

Siku ya kumi alikuja asubuhi. Akauliza kutoka nje, "Pasta, mbwa yu hai?" Tukajibu, "Yu hai, mzee." Akasema, "Alhamdulillahi." Nasi tukasema, "Bwana asifiwe." Tukabaki tumesimama, yeye nje ya lango na sisi ndani, na hakuna aliyeona haya kufuta machozi.

Mhubiri, katika sura ya 9, mstari wa 4, anasema kwamba mbwa aliye hai ni bora kuliko simba aliyekufa, kwa maana aliye hai ana tumaini. Tulilifundishwa andiko hilo chuoni, nasi tumelifundisha wengine. Asubuhi ile, mbele ya mbwa aliye hai aitwaye Simba, ndipo tulipolielewa.

Wapenzi, tutazame sasa Kutoka 21. Torati inasema habari za ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Ikiwa mwenyewe hakujua, sheria ni moja. Lakini ikiwa alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake ni mkali, naye hakumzuia, basi damu iko juu ya mwenyewe. Tazameni jinsi Mungu anavyopima. Hapimi ukali wa mnyama tu. Anapima onyo lililosikiwa na kuachwa. Sisi tulionywa penye ndoo ya maji na udongo. Katika ibada zetu tunaungama si mabaya tuliyotenda tu, bali na mema tuliyoacha kuyatenda. Wengi wetu tunayapita maneno hayo haraka, tukitafuta dhambi kubwa kubwa. Hapa dhambi ilikuwa fundo la kamba na Jumamosi moja iliyosahauliwa, na aliyelipa ni mtoto wa jirani.

Kwa hiyo tunawasihi mambo machache, na msiyaone madogo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini mwetu kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa, pembezoni mwa Nairobi hii, na hakijatuacha. Kati ya watu mia wanaokipata duniani, tisini na tisa hukipata kwa mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kuzuilika kunazuilika: tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja kule Ufaransa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Serikali yetu mwaka 2014 iliweka mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo 2030. Basi mpeleke mbwa wako achanjwe afikapo miezi mitatu, na kila mwaka baada ya hapo. Mtu akiumwa, osheni jeraha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msipake mafuta ya taa, wala pilipili, wala dawa za majani. Na sisi wa karibu na machinjio, tusiwatupie mbwa maini na mapafu mabichi yenye uvimbe wa maji, maana humo mbwa hupata minyoo ambayo mayai yake humrudia mwanadamu. Ndugu zetu wa Turkana wameteseka sana kwa ugonjwa huo.

Mwisho, tukumbuke yule mama wa Siria-Foinike katika Marko 7. Alikuwa mgeni, si wa dini ya wale waliokuwa mezani. Alipoambiwa habari za chakula cha watoto na mbwa, hakukasirika. Aliomba makombo tu, na Bwana akampa uzima wa binti yake. Kila tunapoikaribia meza ya Bwana tunasali tukikiri kwamba hatustahili hata makombo. Zamani tulidhani sisi ndio watoto mezani, na wengine ndio walio chini. Baada ya siku zile kumi hatusemi hivyo tena. Rehema tuliihitaji sisi, nayo ilitufikia kwa mkono wa jirani aliyekuwa na haki ya kutushtaki.

Simba yungali nasi. Amechanjwa, ana mnyororo mchana na anafunguliwa usiku lango likiwa limefungwa. Anajua maneno matatu, na nyumba nzima inayatumia hayo hayo. Bango tulilifuta. Binti wa mzee amepona mguu, lakini hadi leo akifika karibu na lango letu huvuka upande wa pili wa njia. Hatumlaumu. Kila tukimwona akivuka, tunajiuliza ni fundo gani jingine tumeliacha likilegea.

Na tuombe.

Ee Mungu, uliyeumba watu na wanyama, utusamehe kwa maonyo tuliyoyasikia tukayaacha. Utufundishe kuita kwa upendo, na kutii tunapoitwa. Uwalinde watoto wa jirani zetu na uzembe wetu. Uwabariki wale waliotutendea rehema tusipoistahili. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.